Siku Tuliyobishania Diski Yenye Sauti ya Dada

Siku ile sebuleni kwangu tulikuwa watu watano. Nilikuwepo mimi mwenye nyumba. Alikuwepo dada yangu mkubwa, tumbo moja na mimi, ambaye tangu apigwe na kiharusi ninakaa naye. Alikuwepo mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, anayefundisha shule ya msingi hapa chini ya kilima. Alikuwepo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuja kutoka Vuga kumwona mgonjwa akasahau kurudi. Na alikuwepo fundi wa kompyuta, mwenye kibanda chake pale Lushoto mjini, ambaye babu yake na mume wangu walizaliwa pamoja. Kwa hiyo fundi ni mjukuu wangu, na kwa utani wetu ni mume wangu. Wa sita alikuwepo kwa sauti tu: mwanangu, mume wa huyo mkamwana, alikuwa kazini Tanga, tukamweka kwenye simu.

Majina yao wote ninayo, na ya waliowazaa, na ya waliorithiwa majina hayo. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Mkamwana ndiye aliyeniambia, "Mama, ukiandika, andika bila majina, watu wa huku wanajuana." Nimemkubalia, ingawa naona kama napika bila chumvi.

Kilichotukutanisha ni kompyuta. Ni ile ya kukunja, mwanangu aliinunua ikiwa imeshatumika na wengine, akaitumia yeye miaka, kisha akamwachia mkewe aandalie masomo. Haikuwa kitu cha kujivunia hata ilipokuja. Lakini ndani yake mlikuwa na sauti ya dada.

Nieleze vizuri hapo. Dada yangu kabla ya kuugua alikuwa mtu wa maneno. Kwenye kwaya ya akinamama ya usharika wetu aliimba sauti ya pili, na nyumbani alisimulia, aligomba, aliwafokea mbuzi kama anafokea watu wazima. Mkamwana wangu alikuwa na mazoea ya kumrekodi kwa simu, wakati tunapukuchua mahindi au tunachambua maharage, halafu anazihamishia zile sauti kwenye kompyuta. Simu yenyewe baadaye ilidumbukia kwenye karai la nguo ikafa. Zikabaki zile za kwenye kompyuta. Hakuna aliyewaza kuziweka mahali pengine, maana mwenyewe alikuwepo, anaongea, nani angehangaika?

Kiharusi kilipokuja kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Lilibaki neno moja tu, "bado". Chai akiitaka, bado. Akichoka, bado. Muuguzi mmoja hospitali alituambia tusiache kumwimbia, kwamba kuna wagonjwa ambao maneno yamewakimbia lakini wimbo umebaki. Tukajaribu kumwimbia, akatutazama tu. Siku mkamwana alipofungulia sauti yake mwenyewe, ile ya mazoezi ya kwaya, dada aligeuza shingo. Midomo ikaanza kucheza. Kisha ikatoka sauti ya pili, nyembamba, imepinda kidogo, lakini ni yenyewe, na ndani yake kulikuwa na maneno. Maneno mazima! Nililia mpaka nikashindwa kufunga kilemba.

Tangu hapo kila alasiri tunamfungulia. Na kila alasiri ile kompyuta ikazidi kuchelewa. Unaiwasha, inawaka taa, halafu inakaa. Unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado imeganda. Dada anakaa tayari, mkono wake mzima juu ya meza, anasubiri. Akisubiri sana anachoka, anasinzia, na akisinzia alasiri hiyo imekwisha. Kuna siku iliganda katikati ya wimbo, dada akaendelea peke yake maneno mawili matatu, kisha akapotea, akaanza kupiga meza kwa kiganja. Alipiga mpaka nikamshika mkono. Usiku ule nilikuwa nikifumba macho nasikia kile kiganja.

Ndiyo tukamwita fundi.

Alifika na mkoba wake mgongoni, ametota ukungu. Akanipa shikamoo, akampa wifi, akaenda kuinama mbele ya dada. "Shikamoo, bibi mkubwa." Dada hawezi kuitikia marahaba. Yule kijana mzima mwenye watoto wawili alibaki ameinama vilevile mpaka dada alipoinua mkono wa kushoto. Nikasema moyoni, huyu naweza kumwachia kitu changu.

Akaigeuza kompyuta, akafungua skrubu, akainua kifuniko cha chini. Akaninyooshea kidole chenye weusi.

"Mchumba, hii kompyuta mlikuwa mnaiandikia au mnaikausha kama nyama?"

"Inakaa darini," nikasema.

"Dari gani?"

"Dari gani tena? La jikoni. Ulitaka niilaze wapi?"

Asiyeishi huku hawezi kuelewa. Miezi ya baridi kwetu chumvi inalia maji, kiberiti hakishiki, koti ukilitundika leo kesho lina ukungu wa kijani. Mbegu ya maharage, mahindi ya kupanda, kila kisichotakiwa kuoza kinapanda darini juu ya mafiga, moshi unakipitia, kinakaa mpaka msimu. Mama yetu alifanya hivyo na mimi nafanya hivyo. Kompyuta ilipoanza kuingiwa na unyevu nikaifunga kwa kanga, nikaipandisha. Mkamwana alinishikia ngazi.

"Mbegu haina feni, bibi," fundi akasema. "Hii imevuta moshi kuliko babu."

Wifi alicheka mpaka akakohoa. "Si wangeichemsha tu pamoja na hayo maharage tukala!"

"Na wewe mwalimu," fundi akamgeukia mkamwana, "na wewe uliona sawa?"

"Mimi nimeolewa hapa nikakuta kila cha thamani kinapanda darini," mkamwana akajibu. "Cheti changu cha ndoa kiko hukohuko."

Tulicheka sote. Fundi akatoa brashi yake, akasugua masizi, akapuliza, akaiwasha, akachomeka kitu na kuanza kusoma maandishi kwenye kioo. Akasoma. Akasoma tena. Utani ukamwisha.

"Ni moshi?" nikamuuliza. "Sema tu."

"Moshi umeifanya ipate joto, ndiyo. Lakini tatizo kubwa ni diski. Hii hapa." Akanionyesha kidubwana chembamba, si kikubwa kuliko daftari dogo la kanisani. "Ni SSD ya zamani, ndogo. Imejaa mpaka mdomoni, na imechoka. Kuna sehemu inashindwa kusoma. Huo ni uzee tu, bibi, ilikuja kwenu imeshatumika sana."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinihurumia.

Akatutolea nyingine mpya kwenye mkoba, kubwa kwa ndani kuliko ile, alikuja nayo kwa sababu mwanangu alikuwa amemwagiza tangu mwanzo aje nayo, endapo itahitajika. Akasema akiiweka hiyo, kompyuta itawaka kabla bibi mkubwa hajajiweka sawa kwenye kiti. Lakini kwanza lazima azihamishe zile sauti, na hapo ndipo penye kazi. Kuzihamisha ni kuifanya ile diski iliyochoka isome kila kilichomo, mfululizo, kwa alasiri moja. Inaweza kumaliza salama. Inaweza kufia njiani.

"Na tusipoigusa?" mkamwana akauliza.

"Inaweza kwenda mwaka. Inaweza isiwake kesho. Hakuna mtu atakayekuambia."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yetu.

Wifi ndiye aliyeanza. "Msiiguse. Mashine bado inaongea, mnaipasua ya nini? Mimi simu yangu niliipeleka kwa fundi ina picha za mazishi ya kaka yangu, ikarudi nyeupe kama imezaliwa leo."

"Hakuwa mimi, bibi," fundi akasema.

"Nimesema fundi. Mafundi wote mna mkono mmoja."

Mkamwana akasema kwa upole, maana ana adabu. "Shangazi, sasa ikifa yenyewe wiki ijayo? Tumekaa tunaitazama, fundi alikuja, tukamrudisha? Nitamwambia nini mama mkubwa?"

Tukampigia mwanangu Tanga, tukaweka sauti ya juu. Mtandao wa huku unajua mwenyewe unataka nini. Tukamsikia, "Mama, msi..." ikakata, ikarudi, "...Krismasi nije niipeleke mwenyewe..." ikakata.

"Umemsikia?" wifi akasema. "Msiiguse, amesema."

"Amesema msi," mkamwana akasema. "Pengine alitaka kusema msichelewe."

"Mwanamke, mume wako unamtafsiri mbele ya mama yake?"

"Namfahamu, shangazi. Ndiye yeye aliyeagiza diski mpya."

Wote wakanigeukia mimi. Nikasimama, nikasema naangalia makande yasiungue. Makande hayakuwa yanaungua. Nilisimama jikoni nimeshika mwiko. Nilikuwa najiona naingia sebuleni kesho na kesho kutwa, dada amekaa tayari na mkono mezani, na mimi sina cha kumfungulia. Upande mwingine najiona nasema tusubiri, halafu asubuhi moja kioo kinabaki cheusi, na hapo lawama ni ileile. Kila nilikogeuka nilikuta kiganja chake kinapiga meza. Niliomba. Sikusikia jibu, nikarudi.

Nilipoingia ndipo nilipomwona dada. Wengine walikuwa wanabishana juu ya kichwa chake, wifi kushoto, mkamwana kulia, na yeye macho yanakwenda huku na huku kama mtu anayefuatilia kesi yake mwenyewe. Sauti ni yake. Yuko hapa, amevaa sweta nililomfunga vifungo asubuhi, na sisi tunaigawa kana kwamba tumeshatoka makaburini. Kwetu mkubwa akiwa amekaa hakuna mdogo anayekata neno. Maisha yangu yote sikuwahi kukata neno mbele yake, hata la kuchinja kuku. Kiharusi kilimnyima mdomo, na mimi nikajikuta nimemnyang'anya na ukubwa.

"Nyamazeni," nikasema.

Nikavuta kigoda, nikakaa chini yake, nikamwambia kwa Kishambaa, polepole. Nikamshikisha diski mpya. Nikamwambia: hii ni mpya, mashine itakuwa nyepesi, utaimba bila kungoja. Lakini kuhamisha kunaweza kuipoteza sauti yako, yote au nusu. Tukiiacha, itaendelea kuchoka hivihivi, na siku moja itazima. Nikamwambia, wewe ndiye mkubwa, sema.

Kisha akaweka mkono juu ya ile kompyuta kuukuu, akaubana, kama unavyomshika mtoto asivuke barabara.

"Mmeona?" wifi akasema. "Amekataa."

Na mimi niliona hivyo, na nisifiche, moyo wangu ulishuka kwa nafuu. Nikataka kuinuka. Lakini dada hakuutoa mkono. Alianza kuivuta ile kompyuta, kwa ule mkono mmoja, inakwama kwenye kitambaa cha meza, anaivuta tena, mpaka ikamfikia fundi. Akaisukuma ikamgusa kifuani.

"Bado," akasema.

"Amesema bado!" wifi akadakia.

"Anasema hivyo kwa kila kitu, shangazi."

Nikairudisha kompyuta katikati ya meza ili niwe na hakika. Dada akanikazia macho, macho yale aliyokuwa ananitazama nayo nikichelewa kuleta kuni, akaisukuma tena kwa fundi, safari hii kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka.

"Fanya," nikamwambia fundi.

Alichomeka diski mpya kwa waya pembeni. Akasema ataanza na zile fupi, ndefu ziwe mwisho, ili ikifa iwe imetuachia nyingi. Kwenye kioo kukatokea mstari wa kijani unaokwenda kama konokono. Mkamwana akawa anasoma kila moja inapopita: mazoezi ya kwaya, mazoezi ya pili, kumgombeza mbuzi, ugomvi wa chungu cha mama, namna ya kupika bada ya muhogo. Kila akitaja moja, fundi anaifungulia kidogo kutoka kwenye diski mpya kuhakikisha, na chumba kinajaa sauti ya dada kwa kitambo kidogo, halafu inakatwa. Dada alikuwa anaitikia kwa kichwa kila inapokatwa. Mimi nilikuwa nimekunja ncha ya kanga mpaka ikawa kamba. Hata wifi alikuja kusimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu.

Ikabaki moja, ndefu kuliko zote. Mstari ukaenda ukafika katikati. Ukasimama.

"Subirini," fundi akasema. "Msiguse meza."

Tulisubiri. Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni, nikatamani kumwambia aache. Mstari ukasogea kidogo, nikavuta pumzi, ukasimama tena. Kisha kioo kikawa cheusi.

Fundi alijaribu kila alichokijua. Aliitoa, akaifuta, akairudisha, akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ile diski haikuwaka tena. Mwishowe akavua kofia. "Bibi, imekwenda. Zote tunazo, isipokuwa hiyo moja."

"Ni ipi hiyo?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua.

"Ya Kwamkoro, ya kuchuma chai," mkamwana akasema, akaangalia chini.

Nilitegemea wifi aseme, nilikwambieni. Hakusema. Alikwenda jikoni akatengeneza chai, akampa dada kwanza, akamshikia kikombe mwenyewe.

Sasa kompyuta inawaka upesi. Nayo nimeiwekea rafu sebuleni, mbali na moshi. Dada anaimba alasiri nzima pengine, na juzi alitoa ubeti mzima na neno lingine juu, akamwita paka kwa jina lake. Sauti zote mkamwana ameziweka kwenye flashi mbili, na nyingine iko Tanga kwa mwanangu. Ile diski iliyokufa fundi aliondoka nayo, amesema anatafuta anayeweza kuisoma, na mpaka leo hajampata. Nikijiuliza kama tulifanya vyema, asubuhi najibu ndiyo na jioni sijui.

Maana dada anaijua iliyokosekana. Zikiisha nyingine zote anabaki ameinua mkono, anaitazama kompyuta, anaingoja. Nikaona nimsimulie mwenyewe. Nimeisikia mara nyingi kwa kinywa chake, nikasema siwezi kuikosea.

Ni ya wakati alipokwenda akiwa msichana kuchuma chai Kwamkoro, na wenzake kutoka Bungu, na Wabondei, na wa kutoka mbali, Wabena, Wamakonde, watu wa dini zote. Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito, mchumaji hamwoni wa safu ya pili. Wakaogopa kupoteana. Mmoja aliyekuwa mbele akaanzisha wimbo ili wenzake wajue aliko, na dada kule nyuma, hakujua wimbo ule vizuri, akaingia kwa chini kidogo, palipobaki nafasi. Mnyapara akasimama kusikiliza. Hivyo ndivyo alivyoipata sauti ya pili, hakufundishwa na mwalimu wa kwaya yoyote. Halafu alikuwa anawataja wote waliokuwa kwenye safu, mmoja mmoja, na kapu lake lilivyokuwa.

Nimemsimulia hivyo, na majina yote nimeyataja, kwake siyafichi. Na kila nikisimulia, nikifika pale wimbo unapoanza, dada anapiga meza. Nasema aliyeanzisha ni yule Mbondei mwenye sauti kali. Anapiga meza. Nasema basi ni yule mama wa Kimakonde. Anapiga meza. Naanza upya, nahamisha watu kwenye safu, pengine nimemruka mtu, pengine wimbo ni mwingine. Anapiga meza, ananitazama, anasema bado.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulichuma chai Kwamkoro enzi hizo, au mama yako alichuma akakusimulia ule ukungu, nijulishe ni nani aliyeanzisha na waliimba nini. Utufikie nyumbani, au umwambie mkamwana wangu pale shuleni. Na hata haya ya siku ya fundi, kama mmoja wa tuliokuwepo anaona nimemweka mahali asipokaa au nimempa maneno ya mwenzake, anisahihishe bila kunionea haya. Nilizoea kuongea na mtu wa kunisahihisha pembeni yangu. Bado yupo, na kosa langu analijua. Mimi ndiye nisiyeliona.